Mzee Akishika Gitaa, Iwe Inazunguka

Alhamisi nilipita studio kuchukua nyaya zangu, nikamkuta mmoja wenu, mafundi wa studio (simtaji, anajijua), amemfungia mzee wa miaka 68 kwenye buthi ya kurekodia tangu asubuhi. Anamwambia kwenye hedifoni, "Mzee, tuchukue tena, hapo mwisho umechelewa kuingia." Ilikuwa mara ya 11. Mzee wa watu kashika hedifoni kwa mikono miwili kama mtu anayepokea simu ya msiba. Nikatupa jicho kwenye skrini. Teki, yaani rekodi ya kila mara aliyopiga: ya pili ipo, ya tatu ipo, mpaka ya kumi. Ya kwanza haipo.

"Ile ilikuwa ya kupasha tu, bosi. Nimeifuta."

Nikaenda dukani kununua maji. Ningebaki pale ningetamka maneno ambayo marehemu mama angeyasikia huko aliko.

Kwa hiyo naandika. Mambo ya levo (ukubwa wa sauti), kompresa na pa kuweka maiki mbele ya ampu siwafundishi, mnayajua, na wengine mnanizidi. Nataka kuzungumzia mteja wa aina moja, ambaye siku hizi tunampata mara kwa mara: mwanamuziki mkongwe aliyekaa miaka 15, 20, 30 bila kurekodi, na sasa anarudi na albamu. Amestaafu, watoto wamejitegemea, au kuna mtu Ulaya kaokota santuri yake ya zamani, kaichapisha upya, na simu zimeanza kuita. Wapo wa dansi, wapo wa taarabu. Mimi nitakaa zaidi kwa wa roki, maana hao ndio nilioanza nao kuharibu.

1. Taa ya kurekodi iwake kabla hajakaa.

Hii itakuwa ndefu, mtanivumilia.

Mwaka 2006 nilikuwa na miaka saba kazini, umri ambao fundi mitambo anadhani amemaliza kujifunza. Studio yangu ilikuwa chumba kimoja na nusu Magomeni, trei za mayai ukutani, feni ambayo ilibidi izimwe kila tukirekodi. Akaja mzee mmoja, nitamwita Mzee tu. Miaka ya sabini alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya roki hapa hapa Dar. Msishangae. Mji huu ulikuwa na vijana wa suruali za bugaluu na nywele za afro waliopiga gitaa la kukwaruza kabla baba zenu hawajaonana na mama zenu. Sunburst walikuwa bendi ya hapa, na albamu yao ya Ave Africa ya mwaka 1976 mpaka leo inatafutwa na watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili.

Mzee alirekodi kwa mara ya mwisho mwaka 1979. Bendi ikavunjika, akaoa, akashika usukani wa lori, akala barabara ya Tunduma zaidi ya miaka 20. Alipokuja kwangu, kasha la gitaa lilikuwa limefungwa kwa mpira wa baiskeli na nyimbo zilikuwa kwenye daftari la mizigo, nyuma ya kurasa za mafuta na ushuru. Wimbo aliouthamini kuliko zote ulikuwa wa utingo wake, kijana waliyefanya naye kazi miaka tisa, akafa kwenye mteremko wa Kitonga. Mzee hakuwahi kuuimba mbele ya watu. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Siku ya kwanza walikuja watatu: Mzee, mpiga dramu waliyekuwa naye tangu zamani, na kijana wa besi. Nilikuwa na muungurumo kwenye waya wa ardhi uliokuwa unanisumbua tangu jana yake. Nikaweka maiki, nikafungua njia za sauti, nikamwambia maneno ninayoyajutia hadi leo: "Mzee, piga chochote hapo nipate levo." Kisha nikaingia chini ya meza na tochi mdomoni kutafuta muungurumo.

Piga chochote! Akapiga wimbo wa utingo.

Niliusikia nikiwa chini ya meza. Sauti iliingia nyuma ya mdundo, kama mtu anayepanda mlima na mzigo na hataki kuharakishwa. Ubeti wa pili kuna mahali palitakiwa maneno, maneno hayakuja, gitaa likaja badala yake, noti tatu nne tu. Ubeti wa mwisho mpiga dramu aliacha kila kitu, akabaki na haiheti, yale matoazi mawili ya mguuni, peke yake, tss, tss, tss, mpaka nayo ikaisha. Mimi niko chini, tochi mdomoni, mate yananitoka, nimesahau muungurumo. Halafu kimya. Halafu sauti ya Mzee kwenye spika: "Umeipata, mwanangu?"

Niliinuka haraka nikajigonga kichwa kwenye meza. Nikatazama skrini. Njia zote zilikuwa nyekundu, tayari kurekodi, na mshale umesimama kwenye sifuri. Sikuwa nimebonyeza.

Nikasema, "Ndiyo, Mzee. Imo."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile. Aibu ilikuwepo, na deni la studio lilikuwepo. Lakini sababu hasa ni kwamba niliamini hakuna kilichopotea. Nilifikiri mtu aliyepiga wimbo mara moja anaweza kuupiga tena, kama fundi cherehani anavyoshona suruali ya pili kwa kipimo kile kile. Mzee akavua hedifoni, akafuta uso kwa leso, akasema, "Basi hiyo usiiguse. Twende nyingine."

Tulifanya nyingine tatu. Jioni nikawaomba, kwa sauti nyepesi ya mtu mwongo, tupige ile ya utingo mara mbili "za akiba". Wakapiga. Zilikuwa safi. Hakuna aliyekosea, na hakukuwa na kitu ndani yake.

Usiku sikulala. Nilichukua zile mbili za akiba nikaanza kuzikata na kuziunga nitengeneze ile ya kwanza. Nilivuta sauti nyuma ya mdundo kwa mkono, neno kwa neno. Nilizima dramu ubeti wa mwisho nikabakisha haiheti. Pale kwenye ubeti wa pili ambapo maneno yalikosekana, mimi kwa akili yangu nikaona hilo lilikuwa kosa, nikauweka mstari wake mzima kutoka kwenye teki ya akiba, vizuri kabisa. Saa 11 alfajiri adhana inasikika, mimi natabasamu peke yangu.

Mzee alikuja saa nne. Alisikiliza amefumba macho hadi mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, jana kuna mstari nilishindwa kuuimba. Humu nimeuimba."

Nikamwambia ukweli. Sikupambi, nilikuwa natetemeka. Hakunigombeza. Aliomba chai. Mpiga dramu, ambaye alikuwa hajasema neno tangu waingie, akasema, "Mimi nilimwona yuko chini ya meza. Nikasema ngoja nione kama atasema." Akapuliza chai yake. Hayo maneno yaliniingia kuliko makofi.

Tulijaribu siku tatu. Mara tisa. Kuanzia ya nne Mzee alikuwa anaieleza ile ajali kama mtu anayetoa maelezo kituoni polisi. Albamu ilitoka, wimbo umo, ni wa saba, tulichukua teki ya tatu. Watu wanausifu. Mimi ukifika huwa naruka. Na Mzee bado tunasalimiana vizuri, ila tangu siku ile, akiingia studio yoyote, kabla hajagusa gitaa anauliza, "Inazunguka?" Kompyuta haizunguki kitu kama mkanda wa enzi zake, lakini mnamwelewa.

Sasa elewa ni kwa nini ilikuwa ile ya kwanza. Wazee hawa walijifunzia RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nzima inaingia, maiki chache, mkanda mmoja, mnapiga wote kwa pamoja moja kwa moja. Hakuna kurudi kumrekebisha mtu mmoja. Besi akikosea mnaanza upya wote, na wenzako wanakuangalia. Mtu aliyelelewa hivyo haweki kitu akiba. Wewe umelelewa kwenye teki 40 na unapasha moto kwa dakika 20. Yeye akisema "ngoja nijaribu", ameshaanza.

Diski siku hizi ni bei ya chipsi kuku. Bonyeza kitufe cha kurekodi mlango ukifunguliwa, zima wakiaga.

2. Msimpige pasi.

Ile programu ya kunyoosha sauti ni nzuri kwa mtoto wa miaka 19 anayeimba singeli. Kwa mkongwe anayerudi, sauti yenye mikunjo ndiyo habari aliyotuletea.

Nendeni mkasikilize The Next Day, albamu ya kurudi ya David Bowie, mwanamuziki wa roki wa Uingereza. Alitoa Reality mwaka 2003, mwaka uliofuata mshipa wa moyo ukaziba akiwa kwenye ziara Ujerumani, akatibiwa, akarudi nyumbani New York, akanyamaza. Dunia ikaamini amestaafu. Wimbo wa kwanza baada ya kimya kile ulitoka tarehe 8 Januari 2013, siku aliyotimiza miaka 66, na sauti humo ni nyembamba, inatikisika, ya mtu anayetembea mji aliowahi kuishi na anahesabu nani hayupo. Tony Visconti, prodyuza aliyefanya naye kazi tangu mwishoni mwa miaka ya sitini, alikuwa na kila chombo cha kuinyoosha. Akaiacha. Halafu tazameni jalada: wamechukua picha ya jalada la albamu yake ya mwaka 1977 wakaibandika mraba mweupe usoni. Mtu mzima anazifunika mwenyewe sura zake za zamani, nyie mnakesha mnamtafutia sura ya ujanani!

Shusheni ufunguo wa wimbo nusu toni au toni nzima kabla hajaomba, wala msilitangaze.

Na tafadhali, kliki, ule mlio wa kuhesabia mapigo kwenye hedifoni. Kama mpiga dramu ana miaka 60 na hajawahi kupiga na kliki, usimwekee kliki masikioni ukategemea miujiza. Kuna mmoja aliniambia, "Huyu anayegonga humu ndani ni nani? Mwambieni mimi ndiye niliyeajiriwa."

3. Msimhesabie saa.

Najua studio ni biashara, LUKU hailipwi kwa heshima. Lakini mkongwe anayerudi usimlipishe kwa saa, mlipishe kwa siku au kwa wimbo, hata kama unapata kidogo pungufu. Saa inayohesabu ukutani inamfanya acheze kwa woga. Bowie na wenzake watatu walikaa siku chache tu mwishoni mwa mwaka 2010 kwenye chumba kidogo wakitengeneza demo, rekodi za majaribio, kisha akapotea miezi kadhaa kwenda kuandika. Mei 2011 ndipo walipoingia Magic Shop, studio ya Manhattan, na hata hapo wakawa wanaingia na kutoka kwa karibu miaka miwili. Mtasema, "Bosi, huyo ana hela." Kweli. Wateja wetu wana kiinua mgongo cha bandarini. Ila dakika 40 za kuzungumza habari za marehemu wa bendi kabla ya kurekodi si dakika zilizopotea, na mara nyingi wimbo unatokea humo humo. Mnawakatisha, "Mzee, tuanze?" Alishaanza.

Nunueni UPS, betri ya akiba umeme ukikatika. Basi.

4. Fungeni midomo.

Wanamuziki wa The Next Day walisaini karatasi za kutunza siri, na kwa karibu miaka miwili hakuna shabiki aliyejua kinachoendelea. Visconti amesimulia alivyokuwa akitembea mitaa ya New York na hedifoni masikioni, anasikiliza albamu ambayo waliompita njiani wangeililia, na hawezi kumwambia mtu. Nyie mzee hajakaa vizuri kwenye kiti, yuko kwenye status, kamera inamwonesha anatafuta kodi ya F kwenye gitaa na kidole kimegoma, na maneno "LEGEND IN THE BUILDING".

Mwaka jana status ya namna hiyo ilituletea mgeni. Asubuhi yake alitokea getini mpiga tumba aliyeiacha bendi mwaka 1977 baada ya ugomvi wa nauli. Kaja na mjukuu, kaja na madai. Ugomvi wa nauli ukaanza upya pale pale, kwa shilingi za wakati ule. Mimi nilikuwa msuluhishi, nilinunua soda sita. Mwishowe alipiga tumba kwenye nyimbo mbili na alipiga vizuri kuliko yule tuliyemkodi, kwa hiyo sijui kama mfano huu unasaidia hoja yangu. Lakini fungeni midomo.

5. Karatasi kwanza, hasa za nyimbo za zamani.

Mzee akisema, "Turudie na ule wimbo wetu uliovuma," simama. Nani aliandika, nani amesaini nini, na nani bado yu hai. John Fogerty, aliyekuwa akiongoza bendi ya roki ya Marekani, Creedence Clearwater Revival, alikaa miaka kumi bila albamu mpya. Akarudi mwaka 1985 na Centerfield, vyombo vyote amepiga mwenyewe, ikashika namba moja Marekani. Na kampuni iliyokuwa ikimiliki nyimbo zake za zamani ikamshitaki kwamba wimbo mmoja mpya unafanana na wa zamani. Wa zamani nao aliuandika yeye! Mtu kashitakiwa kwa kufanana na nafsi yake. Mwaka 1988 alipanda kizimbani na gitaa, akawapigia wazee wa baraza aone kama watasikia tofauti, wakampa ushindi. Suala la gharama za mawakili likasogea mpaka Mahakama ya Juu, likaamuliwa mwaka 1994. Nyie hamna mawakili. Nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema, na majina ya watunzi yaandikwe siku ile ile ya kurekodi, wakati wote bado wanapendana.

6. Vijana waingie kwake, yeye asiingizwe kwenu.

Hili linaniuma kidogo kwa sababu nia yenu ni njema. Mnataka "kumleta kwenye kizazi kipya", mnamwekea biti la amapiano, mnaita msanii wa mistari, mzee anabaki kwenye kiitikio kama kibwagizo cha tangazo la sabuni. Jirani zetu wa Zambia wametuonesha inavyofanyika. WITCH walikuwa bendi kubwa ya roki ya Zambia miaka ya sabini, albamu ya kwanza mwaka 1972. Wengi wa waasisi wamefariki. Emanuel Chanda, yule mwimbaji wao wanayemwita Jagari kwa ajili ya Mick Jagger wa Rolling Stones, aliacha jukwaa, akaingia kwenye kuchimba vito. Mwaka 2023 jina la WITCH likatoka na albamu mpya, Zango, ya kwanza tangu miaka ya themanini. Walirekodi Lusaka. Ndani yake kuna Waholanzi vijana na kuna Sampa the Great anayechana. Sikilizeni aliyeko katikati ni nani. Waholanzi walisoma santuri zile mpaka wakajua gitaa linakwaruza vipi, ndipo wakasogea karibu na Jagari. Hakuna aliyemwambia asogee yeye.

Kwa hiyo kabla mkongwe hajafika, tafuta alichorekodi zamani na ukisikilize. Wimbo mmoja basi, hata nusu. Siku moja niliuliza kijana wangu kama amemsikiliza mteja wa kesho, akanijibu ameangalia wafuasi wake, wako 212.

Mengine kwa haraka. Miwani ya kusomea iwepo ya akiba kwenye droo. Andikeni maneno ya wimbo kwa herufi kubwa. Kiti kisicho na magurudumu. Maji ya uvuguvugu, yasiwe ya friji. Choo kioneshwe akiingia, asiulize. Shikamoo kwa sauti, na si mnatazama simu.

Sasa wewe wa Alhamisi. Nilifungua folda ya sauti kwenye diski nikitumaini umefuta kwenye skrini tu na faili lenyewe bado lipo, maana mara nyingi hubaki. Halipo. Ulichagua kufuta kabisa, na hata pipa la taka ulishalimwaga. Usafi unao, hilo nakupa.

Nimempigia mzee, amekubali kurudi Jumatatu saa nne asubuhi. Aliniuliza, "Kwani kulikuwa na tatizo?" Nimemjibu kijana atakueleza. Sikumwambia zaidi. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kabla hajafungua kasha la gitaa, na usitaje waya wala umeme. Chai nitaleta mimi. Saa tatu na nusu nataka kuikuta taa nyekundu imewaka na buthi tupu inajirekodi yenyewe.

Na kuna muungurumo kwenye njia ya tatu. Uache.